Makao ya wazee yenye wauguzi wazuri na korido ndefu mno

Wauguzi wa makao ya wazee anamotunzwa shangazi yangu ni watu wema na wavumilivu, nami sina neno baya juu yao. Ninachokipima hapa ni jengo, kwa kuwa ndilo linaloamua wema huo umfikie nani na kwa wakati gani.

Vyumba vyote vimepangwa pande mbili za korido moja, na chumba cha wauguzi kiko mwisho wake pamoja na stoo. Kengele ikilia upande wa pili, mhudumu hutembea urefu wote wa jengo, humkuta mzee amekwisha kujikojolea, kisha hulazimika kurudi kule alikotoka kuchukua glavu na shuka safi. Nguvu ambazo zingetumika kumlisha mtu taratibu, au kumsikiliza tu, huishia miguuni. Mjini Tupelo, Mississippi, nchini Marekani, nyumba za kwanza za Green House, mpango wa makao madogo ya wazee, zilizofunguliwa mwaka 2003 zilijengwa kwa watu kumi tu kila moja, vyumba vikizunguka sebule na jiko la wazi, hivyo anayepika huwaona wazee bila kuacha kazi yake.

Sakafu nayo inanisikitisha. Inang'aa kama iliyomwagiwa maji, na mbele ya lifti pamewekwa zulia jeusi. Mtu aliyepungukiwa na kumbukumbu huweza kulidhani zulia hilo kuwa shimo, na ndiyo maana shangazi hufika pale, hushika ukuta na kukataa katakata kuendelea. Asiyeelewa humwita mkaidi.

Upande uliokarabatiwa unastahili sifa. Choo kinaonekana mtu akiwa bado kitandani, kikalio chake kina rangi nyekundu iliyokoza dhidi ya ukuta mweupe, na taa zimeongezwa, jambo la lazima kwa macho ya uzeeni yanayopitisha mwanga kidogo. Tangu ahamishiwe huko, shangazi huenda msalani mwenyewe mchana. Kuna pia winchi ya darini ya kumwinulia mgonjwa, inayowapunguzia wauguzi maumivu ya mgongo.

Anayetafuta nafasi hapa aombe chumba cha upande huo. Uongozi, kabla ya kufikiria kubomoa chochote, uondoe zulia lile na kuweka makabati ya vifaa kila baada ya vyumba vichache.