House of Flying Daggers: mtafsiri, nyamaza ngoma zilie

Nimeijaza kwenye flashi hapa mjini, shilingi elfu moja, na mpaka leo roho haijatulia. Filamu ya Zhang Yimou ya mwaka 2004, lakini toleo hili limetiwa sauti ya mtafsiri, na mtafsiri mwenyewe kunyamaza hakujui.

Pananiuma hapa. Mwanzoni tu, ndani ya danguro, kuna mchezo wa mwangwi. Ngoma zimesimamishwa duara, Zhang Ziyi yuko katikati, anacheza kipofu. Andy Lau anarusha punje ya haragwe, inagonga ngoma, naye binti anaijibu ngoma ileile kwa ncha ya mkono mrefu wa nguo yake. Punje moja, halafu kadhaa, zinagonga hii zinarukia ile, mwisho bakuli zima linamwagwa. Onyesho lote ni la sikio. Unatakiwa usikie kama anavyosikia yeye: tok, kimya, tok. Kile kimya ndicho chenye kazi. Sasa ndani ya kile kimya, jamaa yetu: "Hapooo! Mtoto anawaonesha kazi!" Haragwe halisikiki tena. Ni kama mtu akupigie honi ya daladala ganuni ya taarabu inapoanza taksimu, ile solo yake ya utangulizi.

Usihangaike na rimoti kutafuta njia ya pili ya sauti, haipo. Maneno yake yamechanganywa na sauti ya filamu kwenye njia moja, ya filamu ikateremshwa, na iliyotengenezwa izunguke spika sita ikabanwa ipite kwenye mbili. Chumvi ishaingia mchuzini.

Kisha rangi. Vita vya kwenye mianzi ni kijani juu ya kijani, majani yote yanatikisika kwa pamoja. Dakika 119 ukizisukumiza ndani ya megabaiti 700, kila sekunde haipati hata megabiti moja. Kubana video kunategemea sehemu za picha zilizotulia, na pale hakuna jani lililotulia, kwa hiyo msitu unageuka vigae. Tena flashi nyingi ziko kwenye FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili la kufika gigabaiti 4. Fomati yako iwe exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa, lakini kwanza hakikisha tv inaisoma, maana za zamani nyingi hazisomi. Dai faili la gigabaiti 8 hivi, la Kichina, lenye maandishi chini.

Na kwenye tv zima ile mipangilio ya kulainisha mwendo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Tv ikijitungia fremu za katikati, mwigizaji anayerushwa kwa waya anaonekana kweli kaninginizwa kwenye waya: uzito wote kiunoni, miguu inaburutwa nyuma. Ching Siu-tung, mwongoza mapigano, kazi yake ni kukuficha hilo, tv inamuumbua.

Picha, basi, sina la kusema. Zhao Xiaoding aliteuliwa kugombea Oscar ya upigaji picha kwa kazi hii na alistahiki. Lakini hadithi! (Asiyeiona bado aruke hapa.) Mwaka 859, utawala wa Tang wa China unayumba, maofisa wawili wamepewa siku kumi wampate kiongozi wa kundi la waasi, Majambia. Vizuri. Kumbe kipofu si kipofu. Kumbe ofisa mmoja ni mtu wa Majambia, kapandikizwa serikalini miaka mitatu. Kumbe binti wa kiongozi wala si binti wa kiongozi. Kila kumbe inaila iliyotangulia: ukishajua kwamba anaona, ule mchezo wa ngoma uliokusimamisha nywele unabaki kiinimacho.

Na jeshi je? Askari wanajongea msituni kuwamaliza Majambia, kamera inawapa mgongo, basi. Nani kashinda? Kundi ndilo lililobeba jina la filamu, na limesahauliwa njiani kama abiria aliyeteremka kununua maji. Makunduchi, Zanzibar, siku ya Mwaka Kogwa watu wanachapana kwa magogo ya migomba kumaliza chuki za mwaka, wanamaliza kweli, wanakwenda kula. Hawa maofisa wawili wanakatana mpaka majira yanabadilika. Theluji iliwaangukia mapema walipokuwa wakipiga picha Ukraine, wakaona waibebe hivyohivyo ndani ya hadithi. Ni nzuri, damu juu ya weupe, siibishii. Ila yule binti, mwenye jambia moyoni, anainuka tena!

Hapo sasa ndipo inabidi nijikanushe. Mtafsiri yuleyule, kwenye theluji, kaniokoa. Kaamua kwa akili yake kwamba wale wawili ni ndugu wa kunyonya, ziwa moja. Kwenye filamu hakuna kitu hicho, lakini ghafla kila pigo limepata uchungu wake. Hata jeshi kalitafutia jibu: askari wamepotea, "msitu una wenyewe." Maneno matatu, na shimo lililoachwa wazi na waandishi wenyewe limezibwa.

Kwa hiyo chukua zote mbili. Tazama ya Kichina mpaka binti anapogeuza farasi kurudi, kisha weka ya mtafsiri. Hiyo ya mtafsiri usitoe zaidi ya mia tano; zile ngoma bado sijamsamehe.