Kinga ya meno ya usiku ya kutengenezewa: unacholipia ni mkao wake, si plastiki

Kinga hii, kifuniko cha plastiki kinachovaliwa kwenye meno wakati wa kulala, haikomeshi kusaga meno. Tunaanza hapo kwa sababu wengi huirudisha kwa daktari baada ya miezi michache wakilalamika kwamba imejaa mikwaruzo. Mikwaruzo ile ndiyo kazi yake. Misuli ya taya itaendelea kukaza usingizini kama kawaida, ila kinacholika sasa ni plastiki, na plastiki hutengenezwa upya. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishalika hairudi.

Ziko aina tatu. Ngumu ya akriliki, aina ya plastiki ngumu, ndiyo tunayompendekezea mtu ambaye chonge zake zimeshakuwa bapa au magego yake yana nyufa: haibonyei, hudumu miaka, na daktari anaweza kuichonga mpaka meno yakutane vizuri. Laini ni raha mdomoni, lakini kwa baadhi ya watu ule ulaini huwa kama ubani, wakalala wanautafuna, wakaamka taya limechoka kuliko jana. Isitoshe, hutoboka mapema na haichongeki vizuri. Ya tatu ni laini kwa ndani, ngumu kwa nje. Inamfaa asiyevumilia ile ngumu, ingawa tabaka mbili zile huweza kuachana, na maji yakiingia katikati harufu yake haitoki tena.

Zile za dukani, za kulainisha kwenye maji moto kisha kuuma, tunazihesabu kuwa za muda tu. Huwa nene, hulegea, na unene wake haulingani pande zote. Basi gego moja linabeba mzigo wa taya zima.

Utengenezaji wenyewe si mrefu. Meno yanayohitaji kuzibwa huzibwa kwanza, ukoga mgumu hukwanguliwa, ndipo chapa, yaani nakala ya umbo la meno, huchukuliwa. Njia ya zamani ni trei yenye alginati, uji mzito unaogandia kwenye meno: ikichelewa kumiminiwa jasi hukauka na kunywea, na kinga itakayotoka itabana au itayumba. Skena ya mdomoni, inayopiga picha za meno badala ya kutumia trei, imeondoa kero hiyo, na inamfaa sana mwenye kutapika kirahisi. Pamoja na chapa za juu na chini, daktari huchukua alama ya jinsi taya mbili zinavyokutana. Akiiruka hatua hii, uliza kwa nini. Fundi wa maabara asipokuwa nayo anabahatisha.

Pia kuna vifaa vya kujichukulia chapa nyumbani na kuituma maabara. Unachanganya silikoni za rangi mbili mpaka mistari iishe, unajaza trei, unakandamiza wima bila kutikisa mpaka igande. Ukisogeza trei katikati, chapa inatoka na meno yenye kingo mbili. Ukikandamiza mno, meno yanagusa sakafu ya trei. Ukifanya kwa uangalifu, kinga inaweza kukaa vizuri sana. Tatizo ni kwamba hakuna wa kukagua meno ya taya la pili yanavyoigusa, na hapo ndipo thamani yote ilipo.

Siku ya kuvalishwa, daktari anapaswa kukung'atisha karatasi nyembamba ya rangi. Madoa yakitokea upande mmoja tu, anachonga, anakung'atisha tena, mara nne, mara tano, mpaka magego ya kulia na kushoto yaguse kwa pamoja na kwa uzito ule ule. Kisha unasogeza taya kulia, kushoto na mbele. Hapo chonge na meno ya mbele yaongoze, magego yaachane. Ukikabidhiwa kinga kwenye mfuko bila lolote kati ya haya, umenunua plastiki ghali. Na hakikisha inafunika safu nzima ya meno. Kinga fupi ya meno ya mbele pekee, ikivaliwa kwa muda mrefu bila uangalizi, huweza kuyaacha magego yatokeze, na meno yasikutane kama zamani.

Usiku wa kwanza mate yatajaa na kinga itabana. Mbano hupungua kwa siku chache. Asubuhi meno yakihisi ugeni kwa dakika kadhaa, si hoja. Jino moja likiuma kila ukiivua, au ufizi ukichubuka, rudi ikachongwe. Usijichongee kwa tupa.

Usafi: isugue kwa mswaki laini na maji baridi mara tu unapoivua, kabla mate hayajakauka. Dawa ya meno yenye chembe huikwaruza, na mikwaruzo hiyo ni makao ya bakteria. Maji ya moto huipinda. Iache ikauke, ndipo uiweke kwenye kikopo chenye matundu. Vidonge vya kusafishia meno bandia vinafaa. Na mwenye mbwa asiiache mezani. Harufu ya mate huwavuta ajabu.

Usiinunue kabla ya kujiuliza maswali mawili. Je, unakoroma na kukatika pumzi usingizini? Tatizo hilo huambatana na kusaga meno, na kinga ya taya la juu huweza kulizidisha kwa baadhi ya watu, kwa hiyo upimwe kwanza. Je, kusaga kulianza baada ya kuanza dawa mpya? Baadhi ya dawa za sonona huleta hali hii; mweleze aliyekuandikia, usiache dawa mwenyewe.

Mpelekee daktari kinga yako kila unapokwenda kukaguliwa, na umwambie una kinga kabla hajakuwekea krauni (kofia ya jino) au kuziba tundu kubwa la jino. Umbo la jino likibadilika, kinga ya zamani haikai tena, na ukiilazimisha itakuwa inalisukuma jino lile usiku kucha.