Treni ya Michenzani: upepo wa bure, ngazi za kukutoa roho

Asalaam aleikum! Mkinisikia nahema, maikrofoni haina kosa, ni ngazi. Niko Michenzani, Unguja, ghorofa ya tano, kwa shangazi yangu. Lifti hakuna.

Historia mnaijua: Mzee Karume, wataalamu wa Ujerumani Mashariki, vijumba vya Ng'ambo, ule mtaa wa nje ya Mji Mkongwe, vikabomolewa, yakapangwa majumba kumi marefu hata watu wakayaita treni. Mzee akauawa 1972, ujenzi ulikuwa ungali unaendelea. Basi, yatosha.

Mimi nimekuja kwa jambo moja. Kamera ikae hapo. Hii kanga ya shangazi, naishika katikati ya ukumbi. Dirisha la jikoni wazi, la barabarani wazi. Mnaona inavyoruka? Feni imezimwa, tazameni swichi! Sasa nafunga la jikoni. Kanga imelala. Nafungua... imeamka! Narudia, maana kuna mtu ataandika kwamba naipuliza. Nafunga, imelala. Nafungua, hiyo! Fleti hii imetoboka upande hadi upande, hakuna ukumbi mrefu wa kupita watu katikati wa kuziba upepo. Leo watu wanajenga maghorofa ya vioo, kisha wanalia umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, umekwisha.

Mji Mkongwe najua mtanijia juu. Kuta zenu nene za mawe na chokaa zina ubaridi wake, sikatai, na ile milango ya nakshi mimi nayo hoi. Lakini kanga yenu ukumbini inaruka? Nirekodieni. Ijumaa nakwenda fleti za Kikwajuni, nazo kazi ya Wajerumani haohao, halafu zimeitangulia hii. Aliyeniahidi taa ya kurekodia, nakusubiri bado.

Alama nilitaka kutoa tisa. Asubuhi maji hayakupanda. Kijana katubebea madumu manne, elfu moja kila dumu. Elfu nne hata chai hatujanywa! Na yeye nimemwonea huruma, kafika juu hana sauti. Basi saba.

Shangazi ananikodolea macho. Haya, saba na nusu.

"Ungekaa hapa miaka yote hii na hao watoto kuwapandisha ngazi, ungetoa mbili. Haya, teremka ukaniletee mkate wa mofa."

Saba. Nakuja, shangazi.