Boti ya tanga ya bahari kuu: usitazame tanga, funua sakafu

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Mtu kanunua boti ya tanga Kilifi au Mtwapa kwa mgeni aliyechoka na safari, kaambiwa inafika Shelisheli bila wasiwasi, kisha siku si nyingi maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya sakafu, yanatoka na kutu. Ndipo anauliza: hizi boti za kiwandani, zinazotolewa kwa mamia kwenye kalibu moja, zinafaa bahari kuu kweli?

Zinafaa, nyingi tu zimevuka Atlantiki. Mambo ya vitanda na jiko mtajionea wenyewe. Mimi nina neno moja: mkuku, uti wa chini wenye uzito unaoizuia boti isipinduke.

Boti nyingi za siku hizi, mkuku ni pande la chuma au risasi lililofungwa kwa bolti chini ya bodi ya faiba. Ndani, mahali pa mataruma, yaani mbavu za kuimarisha bodi, baadhi ya viwanda huweka fremu iliyoundwa kando ikabandikwa kwa gundi. Siku boti ikigonga mwamba, mkuku husukuma bodi juu kwa nyuma na kuivuta chini kwa mbele, gundi ikaachia mahali usipopaona. Mei 2014, Cheeki Rafiki, boti ya kiwanda cha Beneteau cha Ufaransa, aina ya First 40.7, ilipoteza mkuku Atlantiki ikitoka Antigua kurudi Uingereza. Mabaharia 4 walikufa. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walisema huenda kugonga chini hapo awali, pamoja na ukarabati uliofuata, kulidhoofisha kiungo hicho.

Sasa fikiria pwani yetu, bamvua likishuka karibu mita 4 na matumbawe kila mlango. Boti ngapi hapa hazijawahi kupwelewa, maji yakashuka zikakaa chini?

Chaguo langu la kwanza ni Contessa 32, boti ya Kiingereza ya futi 32, na kwa hii napendelea waziwazi. Nayo ni ya kalibu, zimeundwa zaidi ya 700, kwa hiyo kiwanda si kosa. Risasi yake imefunikwa ndani ya faiba yenyewe, hakuna bolti za mkuku za kuliwa na kutu. Kwenye dhoruba ya 1979 ya Fastnet, mashindano ya boti za tanga yanayoanzia Uingereza, katika daraja la boti ndogo kabisa ni Assent peke yake iliyomaliza, nayo ni Contessa 32. Ndani imebana, na ukienda joshi, yaani kuukabili upepo, utarowa. Rowa.

Ya pili Hallberg-Rassy ya Uswidi. Nyingi zina bolti, lakini mataruma yamekandikwa pamoja na bodi. Bei yake hata ya mtumba inaumiza kichwa.

Ya tatu, Beneteau Oceanis au Jeanneau ya mtumba, kwa sharti ufunue sakafu. Tazama nati za mkuku: michirizi ya kutu ni habari mbaya, na rangi mpya hapo chini peke yake ni mbaya zaidi. Pita na tochi kwenye pembe fremu inapokutana na bodi, hasa nyuma ya mkuku, utafute nyufa nyembamba kama unywele. Gonga kwa mpini wa nyundo. Sauti ikibadilika kuwa nzito, uliza. Kisha boti iinuliwe kwa kreni, uangalie kama uwazi unafunguka pale mkuku unapoungana na bodi.

Bavaria na wenzake wa bei ya chini: masharti ni hayo hayo, na mimi ningezibakisha kati ya Kilifi na Wasini.

Halafu madalali. Ukiuliza mkuku, unaonyeshwa kibati chenye herufi A. Jamani, A maana yake muundo umekubaliwa kwa upepo wa kupita nguvu 8 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi ya zaidi ya mita 4. Haisemi boti hii imegonga wapi mwaka juzi. Bei wanaitaja kwa dola, rangi mpya wanaihesabu, na gharama ya kreni wanataka uibebe wewe. Mie nasema aibebe muuzaji. Akikataa, kuna boti nyingine Mtwapa.