Dizeli ya turbo kwa mtu wa Mwanza: injini ipi ununue, ipi umwachie dalali

Ukimuuliza mtu wa Mwanza anataka gari gani, atakwambia Prado au Hilux. Muulize injini gani, atakwambia "ya dizeli". Hapo ndipo hela inapopotelea. Prado mbili zinaweza kufanana rangi, taa na viti, moja ikawa na injini ya 1KZ na nyingine 1KD, na magonjwa yao yasikutane hata kidogo. Kwa hiyo hapa napanga injini, si bodi. Na nazungumzia gari la mtumba, maana ndilo wengi wetu tunalolimudu.

Kwanza, turbo ya nini? Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, yenyewe inashindilia hewa ndani ya silinda. Ndiyo maana injini ya lita 2.5 inapanda Bugando na mzigo wake bila kulalamika. Lakini kile kipangaboi cha ndani huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kikielea kwenye utando mwembamba wa oili. Ukichelewesha kumwaga oili, au ukizima injini papo hapo baada ya kupanda mlima, oili inaungulia kwenye shafti. Baadaye utasikia mluzi, kisha utaona moshi wa bluu. Iache ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Namba moja kwangu ni 2KD-FTV, ile 2.5 ya Hilux Vigo. Haina mbio, tusidanganyane. Ila inabeba, inakula mafuta kidogo, na fundi wa Igoma au wa Sengerema ameshaifungua mara nyingi hadi anaijua gizani. Magonjwa yake ni yale yale ya kaka yake, 1KD, nitakayemweleza sasa hivi, ila kwa kuwa haikamuliwi sana, huchelewa kuugua. Uwe makini na zile nyeupe zilizopiga kazi migodini: angalia vumbi ndani ya bomba la hewa, baada ya filta. Na usiamini sana kilomita. Dashibodi haihesabu saa ambazo injini imenguruma gari likiwa limesimama, na kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, kuna magari yaliyokuwa yakishinda kwenye foleni ya kivuko AC ikiwaka.

Namba mbili ni 1KD-FTV, 3.0 ya Prado 120 na Hilux. Ikiwa nzima ni tamu kuliko zote. Shida ni kwamba inaua kimyakimya.

Iko hivi. Nozo za D-4D, jina la Toyota la dizeli hizi za kompyuta, hupuliza dizeli kwa presha ya zaidi ya bar 1,300, kupitia vitundu visivyoonekana vizuri kwa macho. Chini ya kila nozo kuna washa ya shaba. Washa ikichoka, moto wa silinda unapenya na kupanda juu kwenye oili. Masizi yanaifanya oili iwe nzito kama lami, yanashuka mpaka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, yanaziba kichujio kinachonyonya oili. Taa ya oili ikiwaka, turbo imeshakaukiwa na beringi za kranki zinaanza kugonga. Washa ya bei ndogo imekula injini nzima. Nozo yenyewe nayo ikichoka humwaga mafuta kupita kiasi, na pistoni inaweza kutoboka au kupasuka.

Kwa hiyo usiulize "nozo nzima?" Kila muuzaji atakujibu ni nzima. Omba risiti ya nozo na ya washa. Kama hakuna risiti, lipa fundi ashushe sampu akutazamie kile kichujio. Muuzaji akikataa, amekujibu. Fungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua kama birika, achana nayo. Na kama itabidi ununue nozo, mpate fundi mwenye mashine, kwa sababu nyingi zina namba zinazotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo injini itatetemeka na utamlaumu muuza spea bure.

Zote mbili, 2KD na 1KD, zina mkanda wa taiming. Hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kutegemea gari lilitengenezewa soko gani. Kuna wanaozima taa yake tu na kuuacha mkanda wa zamani. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Jambo moja linalozihusu hizi zote za kisasa: usijaze dizeli ya dumu. Pale mwaloni, dumu lililopakiwa kwenye mtumbwi halikosi maji, na maji ndiyo sumu ya pampu na nozo. Zoea kufungua koki iliyo chini ya filta uyamwage.

Namba tatu, 4M41, ni 3.2 ya Pajero. Inatumia cheni badala ya mkanda, na ina nguvu ya kutosha. Naishusha kwa sababu moja tu: spea zake hazijajaa madukani kwetu kama za Toyota.

Namba nne, 1KZ-TE, ile 3.0 ya Prado za zamani na Surf. Bei yake inavutia, na haina nozo za kompyuta za kukutesa. Lakini silinda hedi yake ni ya alumini na haivumilii joto. Niliwahi kuwa nayo. Ilichemsha nikikaribia Misungwi, jua la saa nane, natoka Shinyanga. Fundi alipoifungua, hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu, na rejeta nusu yake ilikuwa tope la kutu. Aliyeniuzia alikuwa ameshajua, maana maji yalikuwa mapya kabisa. Ukiipenda hivyo hivyo, weka rejeta mpya na feni inayoshika kabla hujanunua hata kava za viti.

Mtu ataniuliza 1HZ, ile 4.2 ya Land Cruiser. Ni injini nzuri sana, lakini haina turbo, na tafadhali usimruhusu mtu akufungie turbo ya pembeni.

1GD, 2.8 mpya ya Hilux na Prado, sijaipanga. Inatumia cheni na inavuta vizuri, ila nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi linalotaka safari ndefu ya moto ili lijisafishe. Kirumba hadi Capri Point kila siku halitapata joto hilo, litaziba.

ZD30 ya Nissan, hasa za mwanzoni, inajulikana kwa kuyeyusha pistoni. Discovery 3 ya 2.7 ina historia ya kukata kranki. Pita.

Ukishachagua, nenda alfajiri, uikute injini ya baridi, maana ikishapata moto huficha magonjwa. Niliwahi kwenda Buzuruga kumtazamia shemeji yangu Prado ya 1KD. Saa moja asubuhi, vioo vimelowa umande, boneti kavu. Nikaweka kiganja: ya moto.

"Nimeisogeza tu kidogo, bosi. Gari imetulia hii, ingia uendeshe."

Nikamwambia nina haraka, nitarudi. Kesho yake nilifika saa kumi na mbili kasoro. Akatoka na taulo kiunoni, akawasha kwa shingo upande. Iligonga kama mashine ya kusaga, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli ukajaa uwanja mzima, na jirani akafunga dirisha lake bila hata kuchungulia, kama mtu aliyezoea.