Lugha ya darasani: Tanzania na Kenya

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Msukuma na Mmakonde hukaa dawati moja wakajifunza hesabu kwa lugha isiyo ya kabila la yeyote kati yao. Kwa kujenga taifa, sijui mbinu iliyofanya kazi vizuri zaidi ya hiyo. Gharama yake ni kwamba lugha za nyumbani hazina nafasi darasani. Kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka Kiingereza, na hapo ndipo wengi hukwama: aliyeielewa usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) anakutana nayo kwa jina jingine, anakariri. Mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, mtihani unakuja kwa Kiingereza. Wiki chache za kozi ya lugha haziwezi kuziba pengo la miaka saba.

Kenya ilichagua njia nyingine. Kisera, gredi ya 1 hadi ya 3 husoma kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza kuanzia gredi ya 4. Kiswahili ni somo la lazima. Mtoto anajifunza kusoma kwa lugha anayoiota, na hilo ni jema. Tatizo ni utekelezaji. Darasa la Nairobi lenye Waluo, Wakamba na Wasomali halina lugha moja ya eneo isipokuwa Kiswahili, lugha ndogo zina uhaba wa vitabu, na wazazi wengi (wa vijijini pia) hudai Kiingereza tangu chekechea.