Hilux 3L pwani ya Tanga: injini haina neno, kagua chasisi

Gari ninaloendesha ni Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1994, double cabin, injini 3L ya dizeli, namba A. Msimu wa machungwa linashinda kati ya mashamba ya Muheza na Tanga mjini. Machungwa yakipungua linapanda Amani kuchukua iliki, karafuu na pilipili manga, na mara mojamoja linakwenda Pangani kwa shughuli za familia. Nimekaa nalo muda wa kutosha kulisemea, na nalipenda kuliko gari lolote nililowahi kushika usukani wake. Wanaonisimamisha kuniuliza habari zake huuliza injini tu. Injini haina neno. Kwa sisi wa pwani, swali la kwanza liwe chuma cha chini.

Nianze na injini hata hivyo, maana sifa yake ni ya haki. 3L ina silinda nne na ujazo wa cc 2,779. Upana wa silinda na mwendo wa pistoni ni sawasawa, milimita 96 kwa 96. Haina turbo, haina kompyuta, pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma vyake yenyewe. Nguvu ni farasi 90 hivi, basi. Dizeli inapulizwa kwanza kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi, inaanza kuwaka humo, ndipo moto unashukia pistoni. Ukichanganya hayo yote unapata injini kubwa kiasi ambayo haidaiwi kazi nyingi, na hapo ndipo ilipo siri ya umri wake. Haikazwi.

Linganisha na ndugu yake 2L-T ya cc 2,446. Ni ndogo kuliko hii, kisha ikafungwa turbo ili itoe zaidi, na joto lake likaishia kwenye silinda hedi. Fundi yeyote mkongwe wa dizeli atakuonyesha hedi ya 2L-T iliyopasuka. 1KZ-TE, dizeli nyingine ya Toyota yenye turbo, nayo ni tamu barabarani, ina mvuto ambao 3L haina, lakini ikichemsha mara moja na dereva akang'ang'ania kufika, silinda hedi inaingia mashakani. Sisemi 3L haiwezi kupasua hedi. Ukiiendesha bila maji itakufa kama nyingine. Nasema inakupa nafasi ya kuona mshale wa joto ukipanda na kuegesha kabla mambo hayajaharibika.

Kupanda Amani ndiko kunakoipima. Ukitoka Muheza barabara ni tulivu kwanza, halafu vinaanza vipinda vya msituni, udongo mwekundu, na mvua inayoweza kushuka wakati wowote. Nikiwa na mzigo napanda kwa gia ya pili, kwenye kona kali naweka gia ya kwanza, na sina haraka. Wenye magari ya turbo wananipita, nawapisha. Kukiwa na utelezi nashuka, nafunga habu za mbele kwa mkono, narudi ndani, naweka 4H ili magurudumu yote manne yavute, tunaendelea. Mbele ekseli ni moja nzima na springi ni za bapa, kama nyuma. Mgongo unaijua habari hiyo, hasa gari likiwa tupu, lakini sijawahi kusimamishwa njiani na boljointi iliyochomoka.

Matunzo yake ni machache, ila hayasameheki. La kwanza ni mkanda wa taiming. Injini hii haina cheni, ina mkanda wa mpira, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, inawaka kilomita 100,000 zikitimia kukukumbusha. Kwa gari la umri huu usiitegemee, maana mita nyingi zimeguswa au zilishakufa siku nyingi. Ukinunua, badilisha mkanda wiki hiyohiyo pamoja na rola yake, na mwambie fundi aangalie sili za mbele. Oili ikivuja ikaulowesha mkanda mpya, hautafika mbali.

La pili ni maji kwenye dizeli. Chini ya filta kuna kizibo cha kufungua kwa vidole na juu yake kuna kipampu cha mkono. Naweka kopo la plastiki chini, nalegeza kizibo, napampu taratibu. Kwanza hutoka maji yenye tope jeusi yanayokaa chini kabisa ya kopo, halafu dizeli yenye ukungu, halafu dizeli safi. Ikishakuwa safi nafunga. Ni kazi ya dakika chache inayookoa pampu na nozeli, vitu ambavyo ukiviua utajua bei yake. Wazee wa gereji wanakumbuka vizuri enzi za dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba vya kutambua uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010. Pampu hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu, kwa hiyo pampu ilikuwa inajisaga kimyakimya huku gari linatembea.

Sasa chumvi.

Nilipokuwa natafuta gari nilionyeshwa Hilux moja mjini hapahapa, rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, injini inawaka kwa mguso mmoja. Ukifungua kifuniko cha oili haipumui hata kidogo. Nilikuwa nimeongozana na fundi mmoja mzee wa Ngamiani. Hakusikiliza injini kabisa. Alilala chali chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chasisi kuanzia mbele kurudi nyuma. Mbele ilikuwa inalia ting, ting, sauti ya chuma. Alipofika nyuma, pale springi inapofungwa, mlio ukabadilika ukawa butu. Akagonga tena kwa nguvu kidogo, ncha ya nyundo ikazama. Magamba ya kutu yakamwagika kifuani mwake, makubwa kama kucha za kidole gumba.

"Mgosi," akaniambia akiwa bado chini, "injini ya 3L ikifa utapata nyingine kesho. Hii hapa utaipata wapi?"

Tukamshukuru mwenye gari, tukaondoka.

Chasisi ya Hilux ni boksi, ina uwazi ndani. Tope na mchanga vinaingia kwenye matundu, vinakaa, vinashika unyevu, na hewa yetu ya bahari inamalizia. Kinachooza huoza kutokea ndani, kwa hiyo nje unaweza kuona rangi nyeusi nzuri kabisa iliyopigwa juzi kwa ajili yako mnunuzi. Pa kugonga ni juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na pale kabini inapoishia bodi ya mizigo inapoanza. Halafu nyanyua mazulia ya ndani uangalie sakafu ya miguu ya dereva.

Ubaya unaongezeka gari likiwa limebeba samaki. Pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga mjini, utaona pikapu zinapakia matenga, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapita kwenye maungio ya bodi na kudondokea chasisi njia nzima. Gari lililofanya kazi hiyo kwa miaka, hata liwe na injini ya dhahabu, mimi silichukui. Muulize muuzaji lilikuwa linabeba nini. Asipokujibu, nusa bodi.

Langu nililipata Korogwe, kwa mtu aliyekuwa akilitumia mashambani, mbali na bahari. Injini yake ilikuwa imechoka kidogo kuliko ile ya mjini, moshi mweupe asubuhi kwa sababu plagi mbili za hita zilikuwa zimekufa, na klachi ilikuwa inateleza. Chasisi ililia ting kutoka mwanzo hadi mwisho. Plagi za hita na klachi ni vitu vya kununua dukani na kufunga jioni moja.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Nikitoka Pangani au popote penye maji ya chumvi, gari linaoshwa chini kwa maji baridi ya bomba, na mpira naingiza kwenye matundu ya chasisi mpaka yatoke maji meupe. Kiangazi kikikolea, likishakauka vizuri, fundi anapuliza oili nzito humo ndani kwa mashine ya kupulizia rangi. Linachuruzika siku kadhaa na pale nyumbani wanalalamika sakafu, lakini kutu haipati pa kushika. Penye mchubuko naparuza hadi chuma cheupe, napaka rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeusi. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika iendelee kula kwa raha.

Wenye Land Rover 109 watasema wao hawana shida hiyo. Nayaheshimu sana magari yale. Yalifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa huu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na injini zake za cc 2,286 unaweza kuzifungua chini ya mwembe. Ni kweli bodi ni ya aluminiamu. Chasisi ni ya chuma, nayo inaoza vilevile, na pale boliti ya chuma inapogusana na aluminiamu penye chumvi, aluminiamu yenyewe inageuka unga mweupe. Nyundo ile ile inafaa kote.

Kwa anayetaka gari dogo la mjini, mimi ningemwelekeza kwenye Corolla 100 au 110 yenye 5A-FE, cc 1,498. Jambo zuri kwayo ni kwamba mkanda wa taiming ukikatika gari linazima tu, valvu hazigongwi na pistoni. Unavutwa hadi gereji, unafunga mpya, unaondoka. Toyota zenye injini za D4 nakaa nazo mbali. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa, pampu yake ni ghali na mafundi wanaoielewa ni wa kutafuta. Mwenye mfuko mpana achukue Land Cruiser Mkonga yenye 1HZ, silinda sita, cc 4,164, nayo haina turbo. Hiyo ni 3L iliyopewa vyote, isipokuwa bei yake haishikiki kwa mkulima wa machungwa.

Kasoro za Hilux hii ninazo pia. Inapiga kelele, ukifika kilomita 90 kwa saa mnazungumza kwa sauti ya juu. Barabara kuu ya Segera naiendesha kwa adabu, maana kulipita lori kunataka nafasi ndefu kuliko unavyodhani, na hakuna mkoba wa hewa wala breki za kisasa za kukuokoa. Kuhusu breki, kuna kitu wengi hawakijui. Kule nyuma juu ya ekseli kuna valvu yenye mkono mrefu wa chuma unaopima mzigo: bodi ikishuka kwa uzito, mkono unasogea na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Pwani mkono ule unaganda kwa kutu. Utabeba tani ya machungwa na breki za nyuma zitadhani gari ni tupu. Shika kwa mkono uone kama unacheza, na uutie grisi.

Spea zipo tele, tatizo ni zipi. Duka moja liliniuzia nozeli nzuri kwa macho, boksi na nembo kamili, na gari likatoa moshi mweusi hadi watoto wakawa wanakimbia barabarani. Zile za zamani zilipopelekwa kupimwa kwenye mashine na kubadilishwa ncha, zikawa bora kuliko mpya. Siku hizi vitu vya ndani ya injini, mkanda, gasketi na nozeli, nanunua halisi au ya mtumba kutoka Japani niliyoikagua mwenyewe. Shokapu na bushi nakubali za bei nafuu, zikiisha zibadilishwe.

Dizeli inakula lita moja kwa kilomita 10 hivi kwenye lami bila mzigo. Ukipanda Amani umepakia, sahau hesabu hiyo. Mvua za masika zikikata, nashusha bodi yote ya mizigo ili nifike juu ya chasisi pale ambapo brashi haijawahi kufika, na kile kishikio cha springi cha kulia, ambacho rangi yake imeanza kuvimba, kitakatwa na kuchomelewa bamba jipya kutoka kwenye chuma kizima, siyo kiraka juu ya kiraka. Fundi nimeshaongea naye.